Mkono Usiogusa Mchi

Gortnaleca, Galway
Oktoba 19, 1897

Dada yangu mpenzi Delia,

Salamu zangu zikufikie huko Boston pamoja na upepo wa huku, maana upepo ndio kitu pekee tulichovuna kwa wingi mwaka huu. Natumaini u mzima, mgongo umeacha kukusumbua, na yule bibi unayemfanyia kazi bado anakuruhusu kwenda misa ya asubuhi. Sisi huku ni wazima wa mwili. Baba anachechemea mguu ule ule. Viazi vimetoka vidogo lakini havikuoza. Ng'ombe mwekundu bado yupo, na bado anampiga teke kila anayemkamua isipokuwa mimi. Picha yako tumeipata, na Mama ameibandika ukutani chini ya Moyo Mtakatifu. Festus wa njia panda alipoiona akasema umenenepa. Nikamwambia watu hunenepa wakila, na hula wakifanya kazi, naye ajaribu siku moja.

Leo Mama ameenda gulioni na Baba, ndiyo maana nina nafasi ya kukuandikia barua ndefu. Unamjua: hajui kusoma lakini anajua urefu wa barua, na kila nikiandika zaidi ya ukurasa mmoja huniambia nimsomee tena kutoka mwanzo. Kwa hiyo zile barua mbili zilizopita, ulipouliza habari za mama yako wa ubatizo, Una Mannion, nami nikakujibu kwamba hajambo, niliandika nilichoambiwa niandike. Una hakuwa hajambo. Una amefariki, dada. Tulimzika Septemba, karibu na mumewe, siku ya mvua. Pole sana. Lia kwanza, kisha urudi kwenye karatasi, kwa sababu kufa kwake si habari yote.

Sabina binti yake amepanda meli juzi, anakuja kwako kama mlivyopanga. Barua hii huenda ikamtangulia, huenda yeye akaitangulia. Utakapompokea atakuambia mama yake amekufa, na hatasema zaidi. Ukimuuliza atatazama viatu vyake. Nataka ujue anachokiona pale viatuni.

Unakumbuka barua yako ya Pasaka, uliyoandika kwamba umempatia Sabina nafasi kwa mama mmoja mwenye watoto wadogo, na kwamba huyo mama anataka kujua kitu kimoja tu: kama nyumbani kwa msichana kuna mwenye ugonjwa wa kifua. Niliisoma kwa sauti mbele ya moto, nyumba imejaa watu, kama ilivyo kawaida barua ya Amerika ikifika. Una alikuwepo, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Alicheka, akasema vifua vya akina Mannion vina nguvu ya kumwita huyo bibi kutoka hapa hapa, asubiri tu upepo uelekee kwake. Sote tulicheka. Usijilaumu kwa kuuliza. Lakini alilisikia swali, nasi tulilisikia jibu.

Siku chache baadaye ikaja asubuhi ya kwanza ya Mei. Unamjua Mama siku hiyo. Hakuna moto kuwashwa kabla moshi haujaonekana kwa mwingine, na hakuna maji, wala maziwa, wala kaa la moto kuvuka kizingiti kwenda nje, asije mtu akaondoka na baraka ya maziwa yetu ya mwaka mzima. Tatizo ni kwamba kila nyumba hapa ina Mama wake. Jua lilipanda, hakuna moshi hata mmoja kijiji kizima, kila paa likilivizia jingine. Na malai ya maziwa yalikuwa tayari kusukwa siagi, na Mama hakutaka kungoja. Tukasuka malai baridi ndani ya pipa baridi, bila hata maji ya moto ya kulisuuzia. Baba alikaa kona yake na kiko kisichowashwa, amenuna kama mtoto.

Hapo ndipo Una alipotokea mlangoni. Hakusema Mungu aibariki kazi. Aproni yake alikuwa ameiinua mpaka mdomoni. Akaomba maji ya kunywa, kwa sauti ndogo. Mama alimwonyesha kwa kidevu mchi wa kupigia malai. Huhitaji mimi nikueleze: akuingiliaye unasuka siagi lazima ashike mchi, hata mapigo machache, ndipo atoke, ama sivyo ametoka na siagi yako. Polisi aliyekuja mwaka ule kutafuta pombe ya magendo alipiga mchi kwanza, ndipo akatafuta. Una alitikisa kichwa. Alisema kitu nyuma ya ile aproni, hatukukisikia, akageuka akaenda zake.

Tulipiga mchi mpaka mikono ikafa ganzi. Povu tu. Tuliwapa nguruwe.

Mama hakupiga kelele. Afadhali angepiga kelele. Alikaa akakunja mikono, akasema kikulacho ki nguoni mwako, na tangu siku hiyo akaanza kulinda. Vyungu vya malai akavitoa kwenye chumba cha baridi upande wa nyuma, akakipiga kufuli, akavihamishia kando ya kitanda chake, kwenye ule ukuta ulio nyuma ya moto, ili alale akivisikia. Nilimwambia malai yatapata joto mno pale. Akaniambia nimejifunza ujuaji kutoka kwenye barua zako. Wiki ile siagi ilikataa. Iliyofuata ikakataa tena, ikatoka nyeupe, laini, haishikani, yenye harufu. Kila ilipokataa, jina la Una lilitajwa, na kila lilipotajwa Mama alivisogeza vile vyungu karibu zaidi na joto.

Mwezi wa Juni akaamua kufanya kama alivyofanya bibi yetu zamani. Alimwambia Baba afungue kile chuma kirefu cha plau kinachokata udongo. Baba alijaribu kusema kwamba Padri hapendi mambo hayo. Mama akamuuliza kama Padri ndiye atakayekula mkate mkavu mpaka Krismasi. Chuma kikatiwa motoni mpaka kikawa chekundu, kikawekwa chini ya pipa, milango ikafungwa kwa makomeo, nami nikapewa mchi. Tulichokuwa tunangoja unakijua. Chuma kikiwa cha moto, matumbo ya mwizi nayo yanaungua, na hana raha mpaka aje kugonga mlango wa aliyemwibia. Wa kwanza kuja ndiye.

Tulingoja kidogo tu, Delia. Nilisikia viatu kwenye mawe ya uani, nikamwomba Mungu awe Festus. Mlango ukagongwa polepole.

"Jirani, nifungulie," alisema Una. "Nina neno nataka nikwambie wewe, peke yako."

"Nirudishie siagi yangu kwanza," Mama akamjibu.

Nilisikia Una anavuta pumzi, kwa shida. Komeo lilikuwa karibu nami, ningenyoosha mkono ningelifikia, lakini mikono yangu yote ilikuwa kwenye mchi na sikuutoa. Mama alirudia maneno yale yale, safari hii akaongeza neno mwizi. Nje, Una akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayekubali bei ya kuku, "Haya. Basi na iwe hivyo." Akaondoka. Baba alikitoa chuma chini ya pipa, akakitia kwenye ndoo ya maji, akatoka nje na hakurudi mpaka chakula cha jioni.

Kuanzia hapo habari ilikwenda yenyewe. Festus akala yamini kwamba alimwona Una mwenyewe, asubuhi ile ya Mei, akiburuta kamba juu ya umande wa malisho yetu, ile njia ya kuvuta baraka ya maziwa ya mwenzio. Festus, anayejificha nyuma ya ukuta wa barabara mpaka asikie mchi umenyamaza ndipo aingie kuomba mtindi! Festus, ambaye umande hajawahi kuuona, maana huamka saa nne. Lakini watu walimsikiliza. Nyumba moja ilikumbuka jibini iliyoharibika, nyingine ndama aliyekufa. Kanisani benchi la Una likawa la Una peke yake. Kisimani wanawake walimuuliza usoni kama ni kweli, na hakukana wala hakukiri. Aliwaambia tu, "Mmeshasema," akabeba ndoo yake.

Aliyeumia waziwazi ni Sabina. Alipigana na binti mmoja kisimani, akarudi nyumbani nywele zimevurugika, akamtaka mama yake aseme hakuiba. Una aliendelea kumenya viazi. Tangu siku hiyo Sabina akaacha kuzungumza naye, akahamia kulala juu darini peke yake, akawa anakula amesimama nje. Nami nikafikiri, kama kila mtu, kwamba mwenye haki angejitetea. Nakuandikia ninavyojisikia: nilianza kumwogopa.

Nilikwenda kwake mwezi wa Agosti, na usidhani nilikwenda kwa ushujaa. Alikuwa amekosa kuonekana misa mbili, na Baba aliniwekea mkebe wa mtindi mlangoni bila kusema ni wa nani. Nilipofika, nusu ya juu ya mlango wa Una ilikuwa wazi. Aliniona akaniambia nisimame hapo hapo, niweke mkebe juu ya jiwe. Sikumtambua mara moja. Una, aliyekuwa akibeba gunia la viazi na wewe juu yake, alikuwa amebaki macho na mifupa. Aproni yake ilikuwa na damu, mbichi na iliyokauka.

Nikauliza ni tangu lini. Aliniambia tangu asubuhi ile ya Mei. Alikuwa njiani karibu na kwetu, akakohoa, akaona alichokitema. Ndiyo maana aliomba maji, asuuze kinywa. Nikamuuliza kwa nini hakushika mchi, hata mapigo mawili, tukayamaliza.

"Na ile damu kinywani?" alisema. "Niwapumulie pipani, mle siagi yenye ugonjwa wangu? Nilimwambia mama yako siwezi, mimi si mtu wa kugusa chakula cha watu leo. Labda hakusikia. Nilikuwa nimejiziba mdomo."

Kumbe hilo ndilo neno alilolisema nyuma ya aproni. Mama alilifanya uganga.

Aliniambia pia kwamba siku ile ya chuma alikuja kumweleza Mama ukweli wote, na kumwomba amchukue Sabina akae kwetu, alale mbali na kikohozi, mpaka nauli itimie. Aliposikia anaitwa mwizi alisimama pale uani akafikiri. Maneno yake yaliyofuata nimeyabeba tangu siku ile, nayaweka hapa kama alivyoyasema:

"Nikaona, hili nalo ni paa la kujikinga. Mwizi hatembelewi. Hakuna anayemuuliza mbona amenyamaza, mbona amekonda, kila mtu anajua ni roho yake inamsuta. Lakini wakijua ni kifua, barua itavuka bahari kabla ya mwanangu, na yule bibi wa Boston atafunga mlango wake. Waache waseme siagi. Daktari wa bandarini haulizi habari za siagi."

Nikamwambia Sabina anaamini. Nikamwambia binti yake anamwonea haya, na anamchukia. Una alisubiri kikohozi kipite.

"Akinichukia," alisema, "atalala mbali nami."

Dada, nimesikia mahubiri mengi, na sijasikia jambo lililonipiga namna ile. Nilitaka kurudi mbio nikamwambie Mama, nikasimame kanisani niwaambie wote. Una akaniapisha. Nisimwambie mtu huku, kamwe, maana kila nyumba hapa ina mtoto Boston. Na nisimwambie Sabina kabla hajawapita madaktari na kupewa kitanda chake huko, kwa sababu uso wa Sabina haujui kusema uongo. Nikaapa. Nikawa nampelekea mtindi, naweka juu ya jiwe, na nilipokutana na watu njiani nilisema natafuta bata.

Wazee wa hapa kwetu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Una hata kifo hakikumuumbua. Sabina ndiye aliyemkuta asubuhi, amelala akiwa ameuelekea ukuta. Padri alijua, lakini alijua kwa maungamo, kwa sikio lisilo na mdomo. Godoro na zile aproni nilizichoma mimi nyuma ya nyumba yake, kama alivyoniagiza, na watu walipoona moshi wakasema naam, wanachoma uganga wake. Wengine walisema chuma cha Mama ndicho kilichomla matumbo polepole. Waliokuja kukesha na maiti yake hawakujaza chumba, na waliokuja hawakukaa. Hakuna aliyemlilia kwa sauti ila mimi, na Mama alinibana mkono.

Na sasa sikiliza jambo ambalo siwezi kulisamehe, ingawa sijui nimnyime nani huo msamaha. Tulipotoka kuzika, Mama alifungua kufuli la chumba cha baridi. Hakuna tena wa kujilinda naye, alisema. Akavirudisha vyungu mahali pake, penye kivuli na sakafu ya mawe, vilipokuwa vinakaa tangu enzi za bibi. Wiki hiyo nilishika mchi, na siagi ikaja kabla Baba hajamaliza kujaza kiko chake. Ya manjano, ngumu, nzuri. Mama akapiga magoti palepale kando ya pipa akamshukuru Mungu. Kisha akasema, "Mmeona?"

Nilimwambia ni baridi ya chumba. Nilimwambia vyungu vilikuwa vinapikwa nyuma ya moto tangu Mei, na kwamba hata siku ile ya kwanza tulisuka malai baridi kama jiwe kwa sababu ya woga wetu wa moshi. Akaniangalia kwa huruma, kweli kabisa, kwa huruma, akaniambia tusimseme marehemu. Anamwombea rozari kila jioni. Anawaambia watu wote gulioni kwamba amemsamehe Una Mannion. Delia, kila akilisema hilo najiuma ulimi mpaka nasikia chumvi. Mama si mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya, ningejua la kufanya.

Juzi Baba alimpeleka Sabina kwa gari la punda mpaka kituo cha treni. Nilimpa kibonge cha siagi ya safari, nimekitia chumvi na kukifunga kwa jani la kabichi. Hakukipokea. Hakuwa na hasira, alinitazama tu.

"Asante," alisema. "Wasije wakasema tumechukua tena."

Tumechukua. Alijihesabu naye. Alikiweka kile kibonge juu ya ukuta wa uani, taratibu, akapanda gari. Baba alivua kofia yake, sijui kwa nani.

Kwa hiyo nakutwika mzigo, na najua ni mzito. Daktari wa meli kule bandarini alimsikiliza Sabina kifua akampitisha, ndivyo wakala wa meli alivyomwambia Baba jana, akiwa na telegramu ya bandarini mkononi, na mimi sijamsikia akikohoa hata mara moja. Lakini huyo bibi ana watoto wadogo, nawe una macho. Mwangalie kwa miezi michache. Ukiona kitu, usifiche kama Una. Sikuambii udanganye mtu. Nakuomba umlinde mtoto huyu, na watoto wa yule bibi pia, kama ambavyo Una angewalinda.

Na akishapumzika, akishakuwa na kitanda chake na ndoano ya kutundikia shali yake, mchukue mtembee, msikae ndani ya nyumba ya watu. Mwambie mama yake hakuiba kitu cha mtu. Mwambie asubuhi ile alikataa mchi ili asituambukize ugonjwa wake. Mwambie kwamba kule kumenya viazi bila kujibu ndiko kulikomfikisha Boston. Atakulaumu, atanilaumu mimi, na pengine atataka kurudi aje awapigie kelele hapa kijijini. Usimruhusu. Mwache alie mpaka amalize. Mimi nilikuwa na siri hiyo tangu Agosti, na nimeona haipungui kwa kukaa nayo. Afadhali yeye awe nayo, ni yake.

Nasikia gari la punda kwenye mawe, wamerudi, nami sina budi kufunga. Baba anakusalimu sana na anaomba tumbaku kidogo ukipata mtu wa kumpa. Ng'ombe anakusalimu kwa teke. Tunza afya yako, sali, andika upesi, na ukiandika, mambo ya Sabina yaandike kwenye karatasi ya peke yake nipate kuiondoa.

Mama ameingia sasa hivi, anavua shali, ananiuliza naandika nini kirefu hivi. Anakusalimu kwa mapenzi yote, na anasema nisisahau kukuambia kwamba siagi imerudi.

Mdogo wako akupendaye,
Onora